Spika Mbili na Kaseti ya Mama

Kawangware, Jumapili

Dada yangu Nasipwondi,

Nakusalimu wewe, shemeji na wajukuu. Nimesikia mguu ulikusumbua; umepata nafuu? Mimi mzima, ila magoti hulalamika nikipanda ngazi. Najua utashtuka kuuona mwandiko wangu, kwa kuwa tangu matanga ya baba hatusemezani.

Kosa la wengi wanaonunua spika ni kuzipima kwa besi. Juzi nilikwenda kununua zangu, na fundi Dedan wa hapa mtaani aliniwekea ngoma iliyotikisa mabati hadi kuku wakakimbia, akasema, “Mwalimu, sikia hiyo ngumi!” Nikamweleza kwamba ngumi huficha mengi. Spika hupimwa kwa sauti ya mtu unayemjua, tena ikiwa chini. Nikampa kaseti ya mama, ile aliyonitumia badala ya barua kwa kuwa hakujua kuandika. Sikuwa nimeigusa tangu matanga, lakini nilitaka kumsikia kabla masikio yangu hayajachoka. Dedan, aliposikia ni mtu anaongea tu bila muziki, akauliza kama nataka kuanzisha kanisa.

Jozi ya kwanza ilimfanya mama aongee puani. Ya pili ilimpa kifua cha mwanamume. Ya tatu ni ya mbao, imechubuka pembeni. Tuliisogeza mbali na ukuta, nikaketi katikati. Mama akatokea pale kati ya spika, mahali pasipo na kitu. Nilimsikia akivuta pumzi kabla ya kuniita Wekulo. Nilisikia mvua ikidondokea migomba, na mwiko ukigusa sufuria. Nikazichukua hizo.

Nyumbani niliisikiliza hadi mwisho, peke yangu. Mama anasema wote wazima, nisiache kazi. Nyuma yake, mbali, karibu na mlango wa jikoni, kuna msichana anayepaza sauti kwa Kibukusu kwamba baba anatapika damu, nije upesi. Kisha mlango unafungwa.

Miaka thelathini na minne, Nasipwondi. Kaburini ulisema mbele ya ukoo kwamba uliniita kwenye kaseti ile nami sikuja. Nikakuita mwongo. Ni kweli redio yangu ndogo ya kaseti, nilipokuwa nikiishi Kibera, haikuweza kuitoa sauti yako. Lakini ningeweza kutafuta redio nyingine. Sikutafuta, kwa sababu niliogopa kukukuta humo.

Hukudanganya. Nisamehe.

Wasalimie wote wanaonikumbuka. Nambari yangu iko nyuma ya bahasha. Nipigie simu siku hiyo hiyo utakayoipata barua hii.

Kaka yako,
Wekulo