Bia ya Mzee Taratibu

Jumanne, tarehe 14

Kwa mdogo wangu, kitindamimba wa nyumba yetu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote walio chini ya paa lako. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itawakuta mkiwa wazima wa mwili na watulivu wa moyo. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu kwa pumzi anayotukopesha. Goti langu la kushoto bado linakataa ngazi za kanisa, lakini la kulia hulibembeleza, na hivyo kila asubuhi tunafika. Mama watoto anakusalimu. Amesema nikukumbushe kwamba uliondoka na bakuli lake la bluu na hujalirudisha. Hilo ni lake, mimi nafikisha tu.

Barua yako ya tarehe mbili niliipata. Simu zako nazo nilizisikia, zote tatu. Niliitazama simu ikitetemeka mezani mpaka ikanyamaza yenyewe. Mama watoto aliniuliza kama ukatekista wangu huishia pale mlio wa simu unapoanzia. Nikamjibu kwamba jambo lililoanza kwa barua litaisha kwa barua. Hakunielewa. Wewe utanielewa kabla hujaimaliza karatasi hii, nami nakuomba usiruke mistari. Baba yetu alitenda kila kitu bila haraka hata watu wakamwita Mzee Taratibu, na jina lake la ubatizo likabaki kwenye vyeti tu. Nitakujibu kwa mwendo wake.

Umeniandikia kwamba bia yako ikiwa na wiki tatu humfanya mnywaji afumbe macho: harufu ya yale maua machungu tunayotia kwenye bia inapanda puani, na kimea kinabaki ulimini kama mkate uliotoka sasa hivi jikoni. Ikifika wiki ya saba, maua yamekwisha kufa. Wiki ya kumi, ni boksi lililonyeshewa. Haigeuki siki, haina ukungu, haipasui chupa. Ulisema kwamba inasahau tu ilikuwa nini. Sentensi hiyo ni nzuri, na kwa kuwa ni mimi niliyekufundisha kusoma, nimeiwekea alama ya vema pembeni.

Umeniambia pia kwamba mwenye hoteli amekurudishia makreti mara mbili, na kwamba mara ya pili hakushuka hata garini, alimtuma dereva wake aseme kuwa bosi hanywi kumbukumbu. Jumamosi hii, tarehe kumi na nane, unatia mapipa yote kwenye chupa. Zitakuwa chupa mia sita, naye atazilaza ghalani mwake miezi mitatu zingoje ufunguzi wa hoteli yake mpya. Zikizeeka vibaya tena, hataki kuiona mlangoni kwake chupa yenye jina la Mzee Taratibu, na wenye maduka wengine humfuata yeye kama kondoo. Ukanisihi nikujibu kabla ya Jumamosi, kwa sababu katika ukoo wetu ni mimi peke yangu niliyesimama na baba katika chumba cha bia nyuma ya nyumba, miaka kumi na mmoja, kabla seminari haijanichukua na baada ya kunirudisha.

Basi tuyapitie uliyoyajaribu. Ulibadilisha maji, ukachota ya kisima badala ya bomba. Si kosa, lakini ugonjwa wako hauko kwenye maji. Maji mabaya huiharibu bia tangu siku ya kwanza, hayangoji wiki ya saba. Ulinunua maua mapya, ukayafungia mahali penye baridi. Umefanya vyema, ingawa maua makuukuu yangekupa bia iliyofifia toka pipani, wala si bia inayofifia chupani. Uliacha chupa nyeupe ukachukua za kahawia, kwa kuwa mwanga huipa bia uvundo wa kicheche. Vyema pia. Ulihamisha makreti kutoka ukuta unaopigwa na jua la alasiri ukayapeleka chumba cha chini chenye sakafu ya saruji. Hapo nilikusifu kwa sauti nikiwa peke yangu, maana joto huizeesha bia kama vile huzuni inavyomzeesha mtu, na baba angekwambia vivyo hivyo. Mpira wa kumiminia unaufikisha chini kabisa ya chupa ili bia isirukeruke. Chupa unazichemsha. Vizibo unavibana mpaka mkono unauma.

Baada ya yote hayo ukaandika kwamba umeishiwa na akili, na kwamba huwezi kuwa umekosea kwenye hatua zenyewe, kwa sababu unaifuata ile karatasi niliyokuandikia kwa mkono wangu miaka kumi na mitano iliyopita. Umeitia kwenye fremu yenye kioo na kuitundika juu ya meza ya chupa. Unamsomea kila kibarua mpya mistari yake kumi na miwili kama sala. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba mtu anaweza kukitia kwenye fremu.

Kabla sijaendelea, nikwambie kwamba bia yako nimeionja. Mwezi uliopita nilipanda basi mpaka kwenye hoteli ya huyo bwana, nikaketi kwenye meza ya pembeni karibu na mlango wa jikoni, nikaagiza chupa moja. Mhudumu alinitazama kola yangu na rozari yangu, akaniuliza kwa upole kama baba mchungaji hangependa soda. Nilimwambia kwamba mimi si mchungaji wala si padri, na kwamba jina lililobandikwa kwenye chupa ile ni la aliyenizaa. Aliifungua kwa adabu. Nilikunywa nikaikuta vile ulivyosema: mwili upo, roho imetoka.

Meza ya jirani walikuwa mafundi umeme wawili. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba huyo Mzee Taratibu lazima alikuwa taratibu hata katika kuonja, maana hakuwahi kugundua kwamba anapika maji ya kuoshea glasi. Mwenzake akasema hapana, marehemu asionewe, pengine bia ilikuwa hai ila imemfuata kaburini. Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Niliona haya, mdogo wangu. Niliona pia furaha, na nikizipima mbele za Mungu, furaha ndiyo iliyokuwa nzito zaidi.

Sasa nitakukumbusha juma moja la miaka kumi na minane iliyopita. Baba alikuwa amelala nyumbani kwako, katika kile chumba chenye dirisha la wavu. Mimi nilikuwa nafundisha dini huku, safari ya siku moja kwa basi, wakati ambao hapakuwa na simu kwako wala kwangu. Siku ya Jumamosi nilipokea vitu viwili kwa mkupuo mmoja. Cha kwanza ni ujumbe wa mdomo kupitia dereva wa lori, kwamba baba alifariki Jumatano na amekwisha zikwa. Cha pili ni barua yako. Uliiandika Jumatatu, na tarehe iko juu kwa wino wa bluu: kwamba baba amezidiwa, kwamba ananiita, nije upesi. Nilikuja. Nilikuta udongo umeanza kukauka, na sufuria kubwa ya shaba ambayo baba alipikia bia imekwisha hamia upande wako wa nyumba. Ulinikumbatia, ukalia begani kwangu, ukasema posta ndiyo iliyotutenda. Nikaamini. Nilikuombea mwaka mzima faraja kwa uchungu wa barua iliyochelewa.

Mwaka uliofuata nilikutana na muuguzi aliyemhudumia baba. Alinisalimu kwa ubaridi ambao sikuuelewa, kisha akashindwa kujizuia. Alisema siku tatu baba aliuliza kama kifungua mimba wake amefika, kwa sababu alitaka anikabidhi sufuria na chumba cha bia mbele ya mashahidi. Na wewe, ukiwa umeketi kwenye kigoda kando ya kitanda, ulimwambia kwamba umeniandikia nami nimejibu kuwa nina kazi. Muuguzi alisema baba hakulalamika. Aliugeuzia ukuta uso tu, akasema basi, kazi ni kazi.

Nilirudi nyumbani nikaitoa bahasha yako kwenye kitabu changu cha sala. Nilichukua miwani nikausoma muhuri wa posta, jambo ambalo mtu hulifanya kwa nadra. Barua ya Jumatatu ilipelekwa posta siku ya Alhamisi. Ilikaa mfukoni mwako mpaka baba alipokata roho. Kila neno ndani yake lilikuwa kweli. Kweli iliyocheleweshwa kwa makusudi, mdogo wangu, sijaona uongo uliokamilika kuliko huo.

Sikukwambia kitu. Nilingoja. Watu wa dini tumefunzwa kungoja, na kuna kungoja kwa namna mbili. Mwaka wa tatu ndipo ulipokuja mwenyewe na kilo mbili za sukari na maneno laini, ukasema sufuria unayo, chumba unacho, ila mikono ya baba huna, kwa kuwa ulikua kwenye shule za bweni. Ukaniomba nikuandikie hatua zote. Nilikuandikia mistari kumi na miwili kwa mwandiko wangu mzuri. Kumi na mmoja ni ya baba, neno kwa neno.

Mstari wa tisa ni wangu.

Nenda ukausome ukutani. Unasema: “Povu likipanda mdomoni mwa chupa, lisubiri litulie, futa mdomo kwa kitambaa safi, kisha funga.” Unapendeza, sivyo? Una usafi ndani yake na una subira, na nani angeshuku subira katika nyumba ya Mzee Taratibu? Lakini hapo ndipo mahali pekee ambapo baba alikuwa na haraka. Alikuwa akiigonga chupa kidogo kwa kidole, povu likifurika mpaka ukingoni anakipachika kizibo papo hapo, povu likimchuruzikia vidoleni. Alisema: “Funga juu ya povu. Povu ni mlinzi wa mlango. Ukimwacha aketi, mwizi ameshaingia.” Mwizi ni hewa. Ile nafasi ya shingoni, yenye upana wa vidole viwili, unayoifuta kwa kitambaa chako safi, ndiyo unayomfungia mwizi pamoja na mali. Mwizi huyo hali kitu siku ya kwanza. Hula kidogo kidogo, na wiki ya saba umebaki na chupa iliyojaa na ladha iliyokwenda.

Nilikuandikia hivyo kwa kukusudia, nikiwa na akili timamu, baada ya sala ya asubuhi. Miaka kumi na mitano umeyatafuta makosa katika maji na maua, na kila uliponiuliza kwa barua nilikujibu ukague vizibo. Hilo ndilo ungamo langu. Sijampelekea padri bado. Jumapili mbili sijapanda kusoma somo. Aliponiuliza nilimwambia koo linaniwasha. Maandiko yanamwachia Mungu kisasi, nimeyafundisha hayo kwa watoto wa watoto. Nimejichunguza nikitafuta majuto, na ninachokikuta bado ni utamu. Siku utamu huo utakapochacha nitapiga magoti, hata hili la kushoto.

Usidhani kwamba sikulifikiria jina la baba. Nililifikiria pale hotelini, kicheko cha wale mafundi kikiwa masikioni mwangu. Na hapo ndipo nilipojua ninachokitaka: lisibaki kwenye chupa zako. Aliyemdanganya baba kitandani hafai kumbeba kwenye karatasi ya gundi. Mwenye hoteli akilikataa jina hilo, litarudi lilipotoka, nami nitaendelea kulitunza hapa kwa chungu kidogo jikoni kwa mama watoto, chupa ishirini kwa mwaka, zilizofungwa juu ya povu. Ya mwaka juzi tuliifungua wiki iliyopita. Maua yalikuwa yangali yanachanua.

Sasa unao ukweli wote, na kuanzia leo unaweza kupika bia isiyosahau. Uiite jina lako mwenyewe. Ukitaka kunijibu, usiniandikie habari za bia. Niandikie kama kuna neno jingine baba alilolisema baada ya lile la kazi, nawe uliweke wazi kama lilivyo, hata likiwa la kunilaumu. Hilo tu ndilo ninalolihitaji kutoka kwako katika maisha haya.

Msalimie sana shemeji, ambaye katika haya hana hatia. Wapapase watoto vichwa kwa niaba yangu. Mkubwa mwambie babake mkubwa anamwombea kwenye mitihani. Bakuli la bluu likipata mtu wa kulileta, lije. Mungu awalinde, naye anihukumu mimi na wewe kwa mizani moja.

Nimemaliza kuandika nikiwa kwenye meza ya dirishani, Jumanne, kabla ya chakula cha mchana. Posta iko hatua mia mbili kutoka hapa, na iko wazi. Kutoka kwetu mpaka kwenu barua huchukua siku mbili, ila Jumapili hawafanyi kazi. Kabla hujaikunja bahasha, vaa miwani usome muhuri wake. Utakuta ni wa Ijumaa.

Ni mimi, kaka yako,
kifungua mimba wa Mzee Taratibu