Wimbo Wako wa Kutwangia Mahindi

Susu wangu,

Shikamoo. Mjukuu wako ni mzima, nimenenepa kwa muhogo wa nazi wa huku Kikoneni. Jana mchana mwenzangu wa kazini, Mwanasha, alinipeleka kwa shangazi yake anayeumwa siku nyingi. Wanawake wa Kidigo walikuwa uani wakitikisa kayamba ili pepo wake ajitambulishe. Huku kila pepo ana kabila lake, na huitwa kwa wimbo wa kwao. Wakamwimbia Kiarabu, akatulia tu. Kimasai, vilevile. Kisha wakaimba Kikamba, kwa lafudhi ya pwani, na shangazi akaanza kutikisa mabega.

Nami nikajikuta nimeitikia kiitikio chote! Mara nimefunikwa shuka kichwani, wakidhani pepo amenipanda na mimi.

"Hapana, mama zangu," nikasema. "Wimbo huu nyanya yangu huuimba akitwanga mahindi."

Mganga wao, mama mtu mzima, alicheka mpaka akaweka kayamba chini. Halafu akaniuliza taratibu, "Na aliyemfunza nyanyako, naye alikuwa akitwanga?"

Nikajifunua shuka kichwani. Usihofu, Susu, kanisani kwenu sitatamka neno. Lakini wimbo huo mabibi zao waliupata kwa Wakamba waliohamia huku, na sasa wamebakiwa na beti mbili. Wa tatu umepotea. Nimewaambia anayeujua yuko hai.

Jikinge na baridi ya huko nyumbani, hasa kooni.

Akupendaye,
Mwende