Kompyuta Yenye Karata

Mke mwenzangu Rukia,

Marahaba. Hapa Ndagoni tu wazima, alhamdulillahi. Mbuzi wako kazaa mapacha. Babu yako magoti yamepoa. Anacheza karata kila alasiri na bado anashindwa.

Umeniuliza kama uhame kozi ya kompyuta, maana darasani wasichana mko wawili tu na wavulana wanasema mmepotea njia.

Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja Kilindoni ilipokuja kompyuta ya kwanza. Wanaume hawakutaka kuigusa. "Kuchapa ni kazi ya wanawake," bosi akasema, ikawekwa mezani kwangu. Nikajifunza peke yangu, kosa baada ya kosa, mpaka tukazoeana.

Siku moja karani wa masijala akagundua ndani yake mna mchezo wa karata. Wiki haikwisha, bosi akatangaza kwamba kile ni chombo cha kitaalamu, hakimfai mwanamke. Kikahamia chumbani kwake, wakawa wanacheza kwa zamu, mlango wameufunga.

Kisha ikatakiwa barua ya haraka na hakuna aliyejua kuichapa. Nikaitwa. Nikaichapa, na kabla ya kuinuka nikaufuta ule mchezo.

Kesho yake niliikuta kompyuta mezani kwangu. Bosi alisema imeharibika, inafaa kuchapia tu.

Basi usihame. Wakikwambia mashine hiyo si ya wanawake, ujue wameshaona karata ndani.

Yule karani ndiye babu yako. Mpaka leo anaamini ni umeme ulioula mchezo wake. Ukija likizo, usimzindue.

Bibi yako