Mama Alipokwenda Kumtunza Mwimbaji

Al Amerat, Maskati

Kaka yangu mpenzi Khalil,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi yangu Mahbuba na watoto, na kwamba mgongo wako sasa unakuacha ulale. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Joto limeanza kutuachia, na jana nimefungua madirisha. Utashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu Mama husikia kila neno, na haya nataka nikueleze mwenyewe kwa utulivu.

Unajua hali aliyokuwa nayo. Tangu atoke eda ya Baba alijifungia chumbani, chakula anakidonoa, maneno anayatoa kwa shida. Ndiyo maana tukakubaliana uje mwisho wa mwezi umchukue akaishi kwenu Unguja moja kwa moja, labda hewa ya kwetu itamchangamsha. Mimi nikasema sawa.

Basi wiki iliyopita Nasriya, mwenzangu wa kazini pale Wattaya, mtoto wake alishikwa na homa, akanipa tiketi zake mbili za onyesho la watu wa Ayalandi: muziki, ngoma na hadithi. Mama akakataa. Nikambembeleza, akakataa tena. Nikamwambia basi na mimi siendi, tiketi nazitupa. Wamjua Mama, hawezi kuona kitu kizima kikitupwa. Akaomba abaya yake.

Walianza kwa fidla, filimbi na ngoma bapa iliyonikumbusha matari ya maulidi. Wakaingia wachezaji, miguu inapiga mbao mpaka viti vinatetemeka, lakini mikono imeshuka mbavuni haitikisiki. Mama akaniinamia akauliza hawa mikono wamekatazwa na nani. Kaka, niliuma mtandio nisicheke! Kisha akaja mzee mmoja msimulizi, na mfasiri wake wa Kiarabu, akahadithia habari ya mtu aliyetoka kumtafuta ng'ombe wake, kila nyumba akakaribishwa chai, mpaka akasahau alichotoka kukitafuta. Mama akasema, na mstari mzima ukasikia, kwamba huyo ni Ami Sleiman mtupu.

Halafu taa zikapunguzwa. Akasimama mwanamke mtu mzima, peke yake, bila ala yoyote, akaimba kwa lugha ya kwao. Hatukuelewa hata neno, lakini ilikuwa sauti ya mtu aliyefiwa, na hilo halikuhitaji mfasiri. Nikageuka kumtazama Mama. Kiti kitupu.

Alikuwa kwenye njia ya katikati, anakwenda mdogomdogo, bega linayumba, noti ya riali kaibana vidoleni. Anakwenda kumtunza mwimbaji! Kama vile yuko kwenye taarabu, harusini kwa jirani zetu kina Wadha. Na watu wote wamekaa kimya, hata kukohoa wanaogopa. Mlinzi akaanza kusogea. Mimi, badala ya kumfuata mama yangu, nilivuta mtandio mpaka puani.

Mwimbaji akamwona, akaja ukingoni mwa jukwaa, akainama. Noti hakuichukua. Aliushika mkono wa Mama wenyewe, noti ikiwa ndani yake, akaendelea kuimba huku akiuzungusha polepole kuufuata wimbo. Mama naye akazungusha. Wakafika mwisho wa wimbo hivyo hivyo, na ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi.

Yule mzee msimulizi akatueleza kwamba vijijini kwao, msikilizaji akiguswa na wimbo wa namna ile, humshika mwimbaji mkono na kuuzungusha, asibaki peke yake na huzuni ya wimbo. Akamuuliza Mama nani aliyemfundisha. Mama akajibu kwa Kiarabu kwamba hakufundishwa na mtu, yeye alikuja kutunza tu.

Tukipanda mlima kwa gari kurudi nyumbani, Mama akazungumza. Alisema tangu Baba afariki, kila anayeingia humbusu kichwa, humwekea mto, humwuliza kama amekula, lakini hakuna aliyemshika mkono. Baba alikuwa akimshika kila alasiri wakinywa kahawa. Na mimi nilijiona namheshimu! Nikatoa mkono mmoja kwenye usukani nikamshika. Usinigombeze, barabara ilikuwa nyeupe, hakuna gari.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Niliposema sawa, njoo umchukue, hapakuwa na sawa yoyote moyoni mwangu. Siwezi kukaa nyumba hii bila yeye, Kaka, na sikujua nilisemeje bila kukufanya wewe uonekane mnyang'anyi. Nilimwambia hayo mle garini, nikilia. Akasema naye alikubali kwenda kwa sababu alidhani nimemchoka.

Kwa hiyo amenituma. Safari usiivunje, ila uje kututembelea, na wifi na watoto. Chumba chake hakitoi, utalala sebuleni.

Namshukuru Mungu, namshukuru Nasriya, ambaye mtoto wake amepona, na namshukuru yule mwanamke ambaye hata jina lake sikulishika. Nisalimie wote hapo nyumbani. Mama naye anakusalimu. Yuko jikoni, ananipigia kelele kwamba kahawa inapoa. Na ukifika, Kaka, kichwa usimbusu kwanza. Mshike mkono.

Mdogo wako akupendaye,
Zakiya