Hukumu Niliyoiponda Mbele ya Jaji Mwenyewe

Noreen! Noreen upo? Usipige simu, nimejifungia chooni hapa kitivoni na sitoki mpaka kongamano liishe.

Jaji Halvorsen alikuja. Yule mama wa mahakama ya rufaa ya shirikisho! Kakaa mstari wa mbele na kahawa yake, pembeni ya maprofesa watakaopiga kura Jumatatu kama nipewe kazi ya kudumu au nifungashe virago.

Na mimi, kichwa maji, nikapanda jukwaani kuiponda hukumu yake kuhusu nani ana haki ya kuishtaki serikali. Nikataka Bunge libadilishe sheria upesi. Nikasoma hoja moja ya hukumu hiyo kwa dharau, nikasema, "Aliyewaza hivi alikuwa amelala!"

Ukumbi ukacheka. Nikanogewa, nikarudia. NIKARUDIA, Noreen! "Amelala fofofo!"

Jaji akanyoosha mkono, mpole kama bibi wa kwaya. "Profesa, hoja hiyo tuliitoa kwenye makala yako ya kwanza. Jina lako liko kwenye tanbihi, chini ya ukurasa."

Jina langu. Mimi ninayewafelisha wanafunzi kwa kutosoma tanbihi!

Nikajitia kutania: "Basi napendekeza mageuzi mengine. Sheria ipige marufuku majaji kunisoma."

Akanywa kahawa yake taratibu. "Hakuna haja ya sheria, mwanangu. Tuliokusoma tulikuwa wawili tu, na mwenzangu ameshastaafu."