Maduara ya Chaki

Mwenzangu, ile boti kuukuu ya injini imezama. Mume wangu yuko hospitali, wanamtoa maji mapafuni.

Ni mimi. Usimwambie mtu, NI MIMI.

Jana fundi aliipandisha nchi kavu, akaijaza maji ndani, akawa anaizunguka aone yanavujia wapi. Kila penye tundu akachora duara la chaki. Maduara saba! Akaondoka, aje kuziba leo.

Mimi nikaona boti imechorwachorwa kama ukuta wa shule. Nikachukua sabuni na dodoki, nikaisugua. Tena najisifu!!

Asubuhi mume wangu akauliza, "Fundi amemaliza?"

Nikamjibu, "Si unaona inavyong'aa?"

Si unaona inavyong'aa. Mdomo wangu huu huu. Akaishusha majini.

Sasa hivi fundi kaja hapa wodini. Hata salamu hakutoa. "Nani amefuta chaki yangu?"

Nikasema mvua.

Mwezi mzima haijadondoka hata tone.

Fundi akaitazama mikono yangu. Mama mkwe, aliyeketi kando ya kitanda cha mwanawe, ndiye aliyeinua kichwa, taratibu:

"Mvua ipi, mwanangu?"