Nilijifanya Fumbo la Mama Mkwe Limenishinda

Mshauri mpendwa, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana shida yangu ukiisikia juu juu utasema huyu dada hana kazi ya kufanya, lakini mwenzio chakula hakipiti.

Mimi ni mke wa mtu, kazi yangu ni kusaga vioo vya miwani katika duka dogo, na tangu tuoane tunaishi nyumba moja na mama mkwe wangu, mkunga mstaafu, ambaye niseme wazi kwamba sijawahi kukutana na mtu mwenye kichwa kama chake. Mama huyu hutunga mafumbo ya herufi. Ana ubao mweupe ukutani jikoni, kando ya jokofu, na akijisikia huandika pale mstari wa herufi zisizo na kichwa wala miguu, kisha hujikalia na kikombe chake cha chai akitutazama tunavyohangaika. Siri yote iko katika neno moja analolichagua. Tuseme amechagua KABATI. Anaandika herufi zake bila kurudia yoyote, K, A, B, T, I, kisha anazifuatisha zote zilizobaki kwa mpangilio wa kawaida, Q na X tukiziacha kwa kuwa Kiswahili hakina haja nazo, na mstari huo anaupanga chini ya A, B, C, D ya kila siku, basi A inageuka K, B inageuka A, na "maji" yanasomeka LKGF. Neno lake usipolijua, utakodoa macho mpaka yakuume.

Wanawe walishanyoosha mikono zamani. Mimi siku ya kwanza kuingia jikoni kama mke wa nyumba ile nilikuta mstari ubaoni, na kwa vile napenda vitu vinavyotaka subira nikausogelea, nikawaza kwamba maneno yetu huishia na irabu, na A haikosekani kila unapogeuka, kwa hiyo nikaanza kubana mikia ya maneno kwanza, nikapata herufi mbili, zikanivutia ya tatu, mara mstari mzima ukafunguka: MGENI NDIYE ANAYEOSHA VYOMBO. Nilikunja mikono ya gauni, nikaosha vyombo vyote. Mama alicheka mpaka akaishika meza, akamwambia mume wangu, "Huyu umempata wapi? Huyu hatoki hapa."

Mshauri, tangu hapo ikawa raha tupu. Aligundua kwamba huwa ninachungulia herufi za mwisho za alfabeti, kwa sababu neno la siri lisipokuwa na V, W, Y wala Z, hizo nne hubaki palepale na kukupa pa kuanzia, basi akaanza kuchagua maneno yenye Z, nikamkamata. Akaondoa nafasi kati ya maneno ili nisione mikia, nikamkamata tena, naye badala ya kununa anapiga makofi na kuniambia, "Ngoja, kesho utalia." Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na sikuwahi kujua kwamba mtu mzima anaweza kukuchokoza hivi kwa mapenzi.

Tatizo likaanza na wifi yangu, mwalimu, anayekuja kututembelea. Siku moja alinivuta pembeni akaniambia, "Wifi, unamchosha mama. Umri ule ashinde anakuna kichwa kukutafutia fumbo la kukushinda? Kila siku wewe tu ndiye mshindi." Mume wangu naye, ambaye ni mpole sana, akaniambia, "Mwache ashinde japo mara moja, utapungukiwa nini?" Nikaona labda kweli nimekosa adabu.

Basi likaja hili la mwisho. Aliliandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kubwa mpaka zikagusa ukingo wa ubao, na mimi nikadhani ni mbwembwe tu. Nilipiga picha kwa simu kama kawaida yangu, nikalichungulia, nikaona mlango uko wapi, halafu nikakumbuka maneno ya wifi. Nikaweka kalamu chini. "Mama, hili limenishinda. Nimesalimu amri."

Akanitazama. "Limekushinda?"

"Limenishinda, mama."

"Haya."

Akachukua kitambaa akafuta ubao, akaung'oa ukutani, akauingiza nyuma ya kabati la nguo chumbani kwake. Tangu siku hiyo ni "umeamkaje" na "usiku mwema", basi.

Kazini, mashine ikiwa imezimwa mchana, nikaifungua ile picha nikamalizia fumbo. Lilisomeka hivi: MWANANGU NIPELEKE KWA DAKTARI WA MACHO WATOTO WASIJUE.

Zile herufi kubwa hazikuwa mbwembwe. Mama haoni vizuri, hataki wanawe wajue, na katika nyumba nzima alinichagua mimi, kwa lugha ambayo ni mimi tu ningeisoma, nami nikamjibu kwamba limenishinda. Nikimwambia mume wangu nitakuwa nimeitoa siri aliyonipa. Nikimwendea mwenyewe ni lazima nikiri kwamba nilimdanganya usoni. Nimewaza nimtungie fumbo la kuomba msamaha, lakini nitalitundika wapi na ubao ameuficha? Nisaidie.

Mkwe Aliyesalimu Amri

JIBU

Mwanangu, barua yako nilipoisoma sikungoja siku ya gazeti. Nilikupigia kwa namba uliyoiacha chini ya barua, unakumbuka, na ukali wangu unaukumbuka pia. Sasa ninalichapa jibu kwa ruhusa yako na ya mama mkwe wako, kwa sababu nyumba zenye ugonjwa huu ni nyingi.

Kwanza pole. Hukukusudia ubaya, na anayekosa raha kwa sababu hasalimiwi vizuri na mama mkwe wake ni mkwe wa kuombewa dua. Lakini ulikosea, nami sitakupaka mafuta. Ulimfanyia mwanamke mwenye akili kali kama unavyomfanyia mtoto anayejifunza kukimbia, unajiangusha ili afurahi. Huyo ni mtu aliyezalisha wanawake maisha yake yote. Uso wa mtu anayeficha jambo anaujua vizuri sana. Wifi yako aliona mama anakuna kichwa akadhani anateseka. Anateseka nini? Amepata mtu wa kushindana naye! Nyie watoto wa watu mnaona mzee ametulia kimya kwenye kiti mnasema anapumzika vizuri, akichangamka mnasema anachoka. Mume wako mwambie nimesema upole wake aupeleke kwingine.

Na huyo mama, jamani. Nimekaa kwenye safu hii miaka, sijasoma ombi lililopangwa kwa heshima kama lile. Alikuwa na hofu ya kuingia gizani, akaipanga herufi kwa herufi, akaiweka mbele ya familia nzima pasipo mtu kuiona, akakuita mwanangu. Mimi ningekuwa na mkwe wa kuniandikia hivyo ningetembea nimeinua kichwa.

Sasa sikiliza tena niliyokwambia kwenye simu. Usimtungie fumbo la msamaha. Mafumbo ni mchezo wenu, na kosa lako ulilifanya kwa mdomo. Lisahihishe kwa mdomo. Mkute akiwa peke yake, funga mlango, kaa chini, useme, "Mama, nililiweza, nilijifanya siliwezi, nisamehe." Usimtaje wifi wala mume, maana uongo ule ulitoka kinywani mwako. Kisha usimpime macho wewe dukani kwako; kusaga vioo na kutibu jicho ni kazi mbili. Mpeleke kwa daktari wa macho, ukae naye mpaka atoke. Mumeo usimwambie neno. Daktari akikuta jambo zito, mama ndiye atakayewaambia wanawe, na wewe utakuwa umekaa pembeni yake.

Wasomaji watataka kujua ilikuwaje. Binti alimwendea. Mama alimsikiliza, akamuuliza swali moja tu, "Neno la siri lilikuwa nini?" na alipojibiwa sawasawa akainuka kutafuta viatu. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari amesema wamewahi. La kwanza limeshafanyiwa upasuaji. Watoto aliwaambia mwenyewe mezani, wifi akalia, mama akamwambia aache kulia ale.

Ili kunipa ruhusa ya kuchapisha, mama alinipigia simu na sharti moja: niandike kwamba fumbo lile lilikuwa jepesi, alilirahisisha makusudi kwa kuwa alikuwa na haraka, na kwamba amekasirika zaidi kuona watu wanadhani hilo ndilo lingemshinda mkwe wake. Nimeandika.

Wewe binti, urudishe ubao ukutani, uuweke mahali penye mwanga. Akiandika jingine, usimwonee huruma. Mshinde mchana kweupe, mbele ya wanawe wote.